Niliuza Bunduki Nikanunua Mashine ya Maji

Watu wengi wana kitu cha zamani nyumbani ambacho hawakitumii wala hawawezi kukiachilia. Mmoja ana cherehani ya marehemu mama yake, mwingine ana baiskeli isiyo na magurudumu, na mwingine ana ngoma ya ukoo. Vitu kama hivyo havina madhara. Vyaweza kukaa pembeni miaka na miaka wala visimsumbue mtu. Lakini kitu changu mimi kilikuwa bunduki ya kuwindia, na bunduki haikai pembeni kama ngoma. Ina cheti chake, ina ada yake, ina kufuli yake, tena ina watu wanaoiulizia usiku. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyoipata, kwa nini nilichelewa kuiuza, na nilichopata badala yake. Kwa maana naamini wako wengine wenye shauri kama langu, hata kama kitu chao si bunduki.

Mimi ni mtu wa Garissa, mzaliwa wa kando ya Mto Tana. Sisi Wamalakote ni wakulima wa mtoni tangu enzi za wazee. Tulikuwa tukingoja mto ufurike na kupwa, mara mbili kwa mwaka, kisha tukipanda katika tope lililoachwa na maji, kwa sababu mvua ya Garissa ni haba mno, na asiye na mto hana shamba. Majirani zetu Wasomali ni wafugaji, nao huja mtoni kunywesha ng'ombe na ngamia wao. Marehemu baba yangu, hata hivyo, hakupenda jembe. Alipewa na Mungu jicho la kusoma nchi. Akiona nyayo mchangani aliweza kukuambia ni mnyama gani, amepita saa ngapi, ameshiba au ana njaa, na kama mguu mmoja unamwuma.

Kwa ajili ya jicho hilo alichukuliwa mwaka 1952 na Bwana mmoja Mzungu, mwindaji mwenye leseni, aliyekuwa akija pande zetu kila mwaka. Kazi ya baba ilikuwa tatu. Ya kwanza ni kufuata nyayo. Ya pili ni kubeba bunduki kubwa mpaka mnyama aonekane, kisha kuitia mkononi mwa Bwana. Ya tatu ni kukimbia na kisu mnyama alipoanguka, ili amchinje kwa jina la Mwenyezi Mungu kabla roho haijatoka. Kwa maana bila hivyo sisi Waislamu tuliokuwa kambini tusingeweza kula. Kazi hiyo aliifanya miaka 18. Wakati wa vita vya Shifta, tangu mwaka 1963 hata 1967, nchi yetu ilikuwa katika hali ya hatari, nao wakaenda kuwinda pande nyingine. Vita vilipokwisha wakarudi. Katika miaka yote hiyo baba hakuifyatua bunduki ile hata mara moja. Kila jioni aliipangusa, akaitia mafuta, akamrudishia mwenyewe.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya namna ya Mauser, yenye komeo, na risasi zake zilikuwa za milimita 9.3. Risasi za namna hiyo zilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka bunduki moja iwafae kwa mnyama mdogo na mkubwa pia. Haikuwa na mapambo. Kitako chake kilikuwa kimeiva weusi mahali ambapo bega la baba lilikigusa siku zote.

Mwaka 1970 Bwana yule aliazimu kuondoka Kenya, akataka kuuza vyombo vyake. Baba alinijia ofisini, naye hakuwa na desturi ya kuja ofisini. Hakusema, "Ninunulie." Alisema tu, "Bunduki yauzwa." Nilikuwa karani wa serikali, kijana mwenye mshahara na mwandiko mzuri, nami nikaelewa. Niliomba cheti kwa jina langu kama Sheria ya Silaha inavyoamuru, nikauza mitamba wawili, nikaongeza akiba yangu yote, nikainunua. Siku niliyoileta nyumbani baba aliipokea kwa mikono miwili, akaitundika ukutani juu ya kitanda chake, akakaa kimya hata magharibi.

Miaka sita niliwinda kwa leseni katika siku za likizo, swala na kuro kwa ajili ya nyama. Baba alikwenda mbele na mimi nyuma. Mara nyingi nilimwambia, "Baba, twende tuombe na wewe upate cheti, upige japo mara moja." Akajibu, "Kazi yangu mimi ni kuona. Kupiga ni kazi yako." Wakati huo nilidhani ni unyenyekevu wa wazee. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa akinieleza jambo la thamani kuliko bunduki.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1973 serikali ya Kenya ilikataza kuwinda ndovu. Mwezi wa Mei mwaka 1977 ikakataza uwindaji wote wa leseni, na mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya ngozi, pembe na vitu vya namna hiyo. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Wanyama walikuwa wakiisha. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Kufika mwaka 1989 walikuwa hawafiki 20,000. Sisi wa Garissa hatukuhitaji kusoma hesabu hizo gazetini. Mahali ambapo baba alikuwa akinionyesha njia za ndovu zilizokanyagwa hata zikawa ngumu kama barabara, majani yalikuwa yameota.

Basi kwa nini sikuiuza bunduki mwaka ule wa 1977? Nitasema kweli, ingawa kweli hiyo hainisifu. Kwanza, nilitumaini marufuku itaondolewa. Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, ilikuwa imefunga uwindaji mwaka 1973, nayo ikaufungua tena mwaka 1978. Wenye bunduki wengi wa Kenya tulitazama kule tukajipa moyo, tukasema, "Na kwetu itakuwa vivyo hivyo, tuvumilie." Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, wala Kenya haikufungua. Sababu ya pili ni heshima. Mtu mwenye bunduki huitwa na majirani simba akila ng'ombe. Hupewa kiti barazani. Na sababu ya tatu ni baba. Nilijiambia kwamba nikiiuza nitamvunja moyo. Sikumwuliza, nilijiambia tu. Ni kosa la watoto wengi kuwasemea wazee moyoni bila kuwauliza.

Hivyo bunduki ikakaa miaka saba bila kazi. Nililipa ada ya cheti, nilinunua mafuta ya kuipangusa, nilitengeneza sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Ilikuwa kama kumlisha farasi asiyepandwa. Na kila mwaka ilizidi kuwa na hatari, kwa maana nchi yetu ilijaa majangili waliotafuta pembe, nao walikuwa na silaha za vita wakitaka na nyinginezo.

Mwaka 1984 ukaja ukame ambao wazee wa Kenya wanaukumbuka hata leo. Mifugo ilikufa njiani ikielekea mtoni. Ndugu zetu kumi na mmoja walikula kwangu, kwa mshahara wa karani mmoja, na vijana wangu wawili walikuwa shuleni wakidaiwa karo. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, alibisha hodi mtu nisiyemjua. Alikuwa na adabu sana. Aliniita Bwana Karani, akauliza hali ya watoto kana kwamba awajua, kisha akasema hataki kuinunua bunduki yangu, hapana. Ataka kuikodi mwezi mmoja tu pamoja na risasi zote, nami nisiulize inakokwenda. Akataja fedha iliyozidi mshahara wangu wa miezi mitano, akatoa nusu yake pale pale akaiweka juu ya meza.

Wasomaji watataraji kusikia kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwambia achukue fedha yake anipe siku tatu nifikiri, naye akaenda zake. Usiku kucha nilifanya hesabu. Karo ingelipwa, unga ungenunuliwa, wala hapana ambaye angejua. Na kama ingejulikana, ningesema imeibwa. Tazama jinsi mtu mwaminifu awezavyo kutunga uongo kamili, wenye mwanzo na mwisho, kabla ya alfajiri.

Asubuhi nilimweleza baba. Hakukasirika. Aliomba bunduki, akafungua komeo, akatazama ndani ya mtutu kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kisima. Kisha akasema, "Mwanangu, nilibeba bunduki hii miaka kumi na minane wala haikuwa yangu, na kila jioni niliirudisha kwa mwenyewe. Mtu huyo hatairudisha bunduki. Atakurudishia kosa lake, nalo halina mnunuzi." Akaifunga, akanipa. "Iuze kwa mkono wa serikali. Na iuze wiki hii, kabla njaa haijazidi kutupa akili mbaya."

Nikamwuliza, "Baba, hutasikitika?" Akajibu, "Nitasikitika. Iuze."

Basi nilikwenda kituo cha polisi na cheti changu, nikapewa barua, nikapanda basi la Nairobi. Komeo nalilitoa nikalifunga mbali katika mfuko mwingine, ili bunduki isiwe silaha njiani. Mfanyabiashara wa bunduki mwenye leseni aliipima, akaisifu, akanionyesha rafu iliyojaa bunduki za namna yake. "Hizi zote ni nzuri," akaniambia, "lakini nani atanunua bunduki ya kuwindia katika nchi isiyowinda?" Alinilipa chini ya nusu ya bei niliyoinunulia, na sikuwa na neno la kumlaumu. Ningeiuza mwaka 1977 labda ningepata zaidi. Aliyenipunja ni tumaini langu mwenyewe. Niliporudi nilimtumia neno yule mgeni kwamba kitu alichokitaka hakipo tena nyumbani kwangu. Hakurudi, nami nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata miaka saba.

Sasa kulikuwa na fedha mkononi, si nyingi, na fedha hiyo ilihitaji kazi mpya. Nilikuwa nimeona watu wachache wa Garissa wakivuta maji ya Tana kwa mashine, wakipanda ndizi na nyanya mahali ambapo zamani palikuwa na miiba tu. Tena mto wenyewe ulikuwa umeanza kubadilika. Lile bwawa kubwa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilizuia maji huku juu, na mafuriko yale ya kupandia hayakuja tena kwa kipimo cha zamani. Mkulima wa mtoni aliyengoja mto umfuate shambani angengoja sana. Ilimpasa sasa yeye kuyafuata maji. Nikaongeza mkopo wa chama cha ushirika, nikanunua mashine ya dizeli iliyokwisha tumika, na mabomba yake, nikasafisha ekari mbili ukingoni.

Msimu wa kwanza niliaibika. Nilipanda mahindi na tikiti, yakaota vizuri hata watu wakaja kutazama. Usiku mmoja viboko wakapanda kutoka mtoni. Asubuhi sikukuta kitu ila mashina na nyayo kubwa. Kiboko mmoja aweza kula majani ya kilo 40 kwa usiku, nao hawakuwa mmoja. Nilisimama pale nikainua mikono kama mtu anayeshika bunduki, nayo haikuwapo. Nakiri kwamba siku ile nilimlaani mnunuzi, nikamlaani na mashine ya maji, nikajiona mjinga aliyeuza meno yake akanunua kijiko.

Baba alikuja na fimbo. Alizunguka shamba zima akiinama, hata jua likawa kali. Kisha akacheka. "Umepanda mahindi katikati ya barabara," akasema. Akanionyesha: kiboko hutoka majini kwa njia ile ile kila usiku, na huiwekea alama ya mavi kandokando. Njia hiyo ilipita katikati ya ekari zangu mbili. Mimi nilikuwa nimeona majani yaliyolala, yeye aliona barabara ya watu wazito wenye haki ya kupita. "Ukiwa na bunduki," akaniambia, "utaua mmoja, na wengine watapita. Hamisha shamba hatua mia mbili, uweke boma la miiba upande huu, na moto pale kwenye kona. Watapita zao."

Nilifanya hivyo. Sisemi kwamba viboko hawakuingia tena kamwe, lakini katika miaka iliyofuata waliingia mara chache za kuhesabika. Ngiri na nyani walitusumbua zaidi, na hao pia baba alijua saa zao.

Taabu ya pili ilikuwa ya watu. Katika ukingo wa Tana kuna njia za kupitishia mifugo mpaka majini, nazo huitwa malka. Malka si mali ya mtu. Ni mlango wa wote. Mimi, kwa ujinga wa karani anayejua ramani kuliko nchi, nilijenga boma langu likaziba nusu ya malka moja. Kiangazi kilipofika wazee wa wafugaji walinijia, wanne, wakakaa chini ya mwembe. Hawakupaza sauti, lakini vijana wao walisimama kwa mbali na fimbo, na nyuma yao ngamia wenye kiu. Wasomaji wa pande zetu wajua jinsi mambo kama haya yalivyowahi kumwaga damu katika nchi ya Tana, kati ya mkulima na mfugaji, mara kwa mara.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu siku ile. Kama bunduki ingekuwa bado nyumbani, naogopa ningeikumbuka. Huenda nisingeichukua, lakini ningeikumbuka, na sauti yangu ingekuwa nyingine. Kwa kuwa haikuwapo, ilinibidi nisikilize. Baba aliwaamkia wale wazee kwa majina ya baba zao, kwa maana alikuwa amekunywa maziwa ya nyumba zao katika safari zake zote. Akawaonyesha yeye mwenyewe, kwa nyayo za kale zilizogandamana, mahali malka ilipokuwa tangu zamani, tena akawaonyesha mahali ambapo boma la mwanawe lilikosea. Nilibomoa boma siku ile ile. Nilipoteza sehemu ya shamba kama robo ekari, nikapata amani, na baadaye nikapata na samadi; kwa sababu mifugo inayopita salama huacha samadi, na wazee wale wakaniruhusu kuizoa.

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la zamani, kwamba kazi yake ni kuona. Nilikuwa nimedhani kwamba nilipouza bunduki niliuza miaka 18 ya baba. Kumbe nilikuwa nimeuza chuma na ubao tu. Ujuzi wa nyayo, wa upepo, wa kungoja, wa kujua nani hupita wapi na saa gani, huo haukuwamo katika bei, na mnunuzi hakuweza kuuchukua. Ulibaki nyumbani ukingoja kazi nyingine. Kosa langu la msimu wa kwanza lilikuwa kuanza kazi mpya kama mtu asiyejua lolote, hali mwalimu amekaa barazani kwangu na fimbo yake.

Wako watu wengine waliofanya badiliko kama hili, wakubwa kwa wadogo. Mtajwa sana katika nchi yetu ni George Adamson. Kabla ya kujulikana ulimwenguni kwa simba wake aliwahi kuwa mwindaji na mfanyabiashara. Mwaka 1938 akaingia Idara ya Wanyama, akawa Bwana Nyama wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini. Uzee wake aliumalizia Kora, kando ya Tana hii hii, juu ya Garissa, akiwarudisha simba mwituni. Aliuawa huko kwa risasi tarehe 20 Agosti mwaka 1989, mwezi mmoja tu baada ya Rais Moi kuzitia moto tani 12 za pembe za ndovu huko Nairobi. Kule Msumbiji nako, vita vilipokwisha, Baraza la Wakristo lilianza mwaka 1995 kuwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani kwa kubadilishana na silaha zao. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka peke yangu, nikasema, "Na mimi nilikuwa mmoja wao, miaka kumi kabla, ila mimi nililipia nauli ya basi."

Kwetu Garissa kazi ya jicho imezidi kuwa na heshima. Kuna mnyama aitwaye hirola, swala mwenye uso mrefu na alama nyeupe machoni kama miwani, ambaye kwao asili ni nchi hii kati ya Tana na mpaka wa Somalia. Katika hesabu ya wanyama iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2021 walionekana 497 tu. Watu wa Ishaqbini, katika Kaunti ya Garissa, wametenga ardhi yao kwa ajili yake, na mwaka 2012 walizungusha ua, wakawaweka ndani hirola 48 wazaliane mbali na simba na fisi. Wanaowalinda ni vijana wa vijiji vile vile. Kazi yao ya kila siku ni kufuata nyayo na kuandika walichokiona. Ndiyo ile kazi ya baba. Tofauti ni kwamba mwisho wa nyayo hapana mlio.

Baba alifariki mwaka 1993. Baada ya kuuzwa kwa bunduki aliishi miaka kama tisa, na katika miaka hiyo yote, alipoinuka jioni kwenda mtoni, mkono wake wa kulia ulipanda begani kusawazisha ukanda usiokuwapo. Nilikuwa nikiona, nikageuza uso. Sitawaambia wasomaji kwamba biashara yangu haikuwa na hasara. Ilikuwa na hasara, nami niliiona kila jioni.

Mashine ile ya kwanza ilichakaa, ikafuatiwa na ya pili. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalilichukua shamba lote pamoja na mabomba, ila mashine tulikuwa tumeipandisha juu siku mbili kabla, kwa sababu mwanangu alikuwa ameona siafu wakihamisha mayai yao kwenda kwenye kichuguu, naye hayo alijifunza kwa babu yake. Mafuriko ya Novemba mwaka 2023 yalitukuta tayari zaidi. Ndizi na maembe ya shamba lile yamesomesha vijana wawili na mabinti watatu. Na twiga, ambao ni wengi pande za Garissa, huja mara kwa mara kula majani ya miembe yetu. Tunawapigia makofi, wanatutazama kwa dharau, kisha wanakwenda zao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unacho kitu cha zamani ambacho siku zake zimepita, nina maneno matatu tu. La kwanza, kiuze kwa njia ya sheria na mchana kweupe, hata kama bei ni ndogo. Hasa ikiwa ni silaha, kwa maana fedha ya usiku hudai riba ambayo mtu hawezi kuilipa. La pili, usingoje hata shida ikuamulie. Aliye na njaa hafanyi biashara nzuri. Mimi niliokoka kwa sababu mzee alikuwa hai nikamwuliza. La tatu, kabla hujaanza kazi mpya, kaa chini uhesabu ni ujuzi gani ulioupata kwa kitu kile cha zamani, na ni nani nyumbani kwako anaoujua zaidi. Huo hauuzwi pamoja na kitu. Lakini usipoutumia, nao utakufa na wazee wako, na hapo ndipo utakapokuwa umeuza kweli.

Mjukuu wangu mmoja aliniuliza juzi bunduki ya babu mkubwa iko wapi. Nilimchukua mapema asubuhi mpaka kwenye malka, nikamwonyesha nyayo mchangani, nikamwambia anieleze ni nani amepita. Alikosea mbili akapata moja. Kesho twarudi tena.